UZI: Acha kumwambia mwigizaji "weka hisia", mpe kazi ya kufanya

Msaidizi wa Pili

Wakuu, habari za jioni. Haipiti wiki humu bila mtu kulalamika kwamba waigizaji wetu wanalia lakini yeye mtazamaji hapati kitu. Dada wa watu anagaragara kwenye runinga, kamasi zinamtoka, kinanda kinalia kuliko yeye, na wewe uko kwenye kochi unatafuta rimoti. Halafu lawama zote zinamwangukia mwigizaji: hajui, kapewa nafasi kwa sura, kapewa kwa sababu ya wafuasi wa Instagram.

Nimekaa nyuma ya kamera za tamthilia muda wa kutosha, na leo naomba nimtetee mwigizaji. Mara nyingi aliyeharibu ni muongozaji, tena kwa maneno mawili tu aliyoyasema kabla ya ekshen: "Weka hisia."

Ukimwambia mtu aweke hisia, unamtoa kwenye sini, yaani kile kipande cha hadithi anachokiigiza. Sekunde iliyopita alikuwa anamwangalia shemeji yake anayetaka kumfukuza nyumbani. Sasa anajiangalia mwenyewe: nimehuzunika vya kutosha? Machozi yanakuja? Uso umekaaje? Akiwa katika hali hiyo hamsikii tena mwenzake, na akishaacha kumsikia mwenzake kinachobaki ni kupandisha sauti. Ndiyo maana sini zetu zina kelele.

Na katika maisha watu huwa wanaukimbia uchungu, hawautafuti. Nenda msibani umwangalie mfiwa mwenyewe, achana na wanaolia getini. Utamkuta anauliza kama wageni wamepata chai, kama turubai limefungwa vizuri maana mawingu yameshajikusanya, kama yule shangazi wa Tanga ameshapanda basi. Anashikilia vitu vidogo ili asianguke. Kisha anaingia mtu mmoja, pengine mzee aliyekuwa akicheza bao na marehemu, wala hajasema kitu, na mfiwa anakatika palepale. Sisi tunaanza kuandika kuanzia alipokatika. Chai na turubai tumeviruka, halafu tunashangaa haigusi.

Kijana wa Tandale

Tiririka mkuu, nimekaa mkao wa kula. Ila usituletee nadharia za Ulaya, sisi tuna kamera moja na bajeti ya chipsi.

Msaidizi wa Pili

Nadharia aya moja tu mkuu, vumilia.

Stanislavski, muongozaji wa maigizo wa Moscow, yule aliyeanzisha jumba la maigizo na Nemirovich-Danchenko mwaka 1898, kuna kipindi alisisitiza sana waigizaji wachimbe kumbukumbu zao wenyewe. Unataka kulia, kumbuka siku uliyofiwa. Wamarekani wakalidaka hilo, na Lee Strasberg, mwalimu wa uigizaji wa New York, akalifanya nguzo ya mafunzo yake. Mwaka 1934 mwigizaji Stella Adler akakutana na Stanislavski mwenyewe mjini Paris, akafanya naye kazi wiki kadhaa, akarudi kwa wenzake na habari kwamba mzee ameshabadilika: siku hizi anaanzia kwenye mazingira ya hadithi na kile ambacho mhusika anakifanya. Strasberg hakukubali, na ubishi wao haukuisha.

Mimi niko upande wa Adler, kwa sababu za kikazi kabisa. Kumbukumbu ya msiba wako inaisha nguvu. Umeitumia kwenye picha pana, umeitumia kwenye picha ya karibu, jenereta likazima, ukaitumia tena, ikifika jioni haina kitu. Na mtu umemtonesha kidonda, halafu unamwacha apande daladala arudi Mbagala peke yake nacho. Lakini kumzuia shemeji asitoke mlangoni unaweza kurudia kutwa nzima, maana kila mara shemeji anakuja na ukaidi mwingine na wewe unalazimika kumjibu upya.

Ngoja nitoe mfano niliouona kwa macho, maana hapa ndipo wengi wanapotea.

Ilikuwa sini ya mjane. Arobaini imeshapita, kaka wa marehemu anakuja usiku kumwambia nyumba ni ya ukoo na mwisho wa mwezi aondoke. Skripti imeandikwa kwenye mabano: analia kwa uchungu. Muongozaji akamwambia dada, "Fikiria mama yako amekufa, lia kutoka moyoni." Dada akajitahidi haswa. Akapiga magoti, akashika miguu ya shemeji, akapiga yowe mpaka fundi wa sauti akavua hedifoni. Tukarudia, yowe likazidi. Muongozaji akaanza kuulizia kitunguu.

Pale seti alikuwepo mama mmoja mwigizaji wa siku nyingi, anacheza bibi mkwe. Akaomba nafasi kwa adabu zote, akamvuta yule dada pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia alichomuuliza: "Mwanangu, watoto wako saa hizi wako wapi?" Skripti haikusema. "Basi wako chumba cha pili na hawajalala. Wakisikia kitu, umekwisha." Akaagiza sufuria ya wali, bakuli la mchuzi na sahani. "Kazi yako ni kumlisha huyu bwana. Akila chakula chako hatakuwa na uso wa kukufukuza. Hakikisha amekula."

Kisha akaenda kwa mwigizaji wa shemeji na kumnong'oneza lake: usiguse hicho chakula, hata akikuwekea mdomoni.

Ekshen. Dada anapakua, anatabasamu, anaongea chini chini kwa sababu ya watoto. Shemeji anaisogeza sahani. Dada anaongeza mchuzi, kana kwamba shida ilikuwa mchuzi. Shemeji anasema mistari yake ileile tuliyoisikia tangu asubuhi, ukoo, kikao, mwisho wa mwezi, na dada anaendelea kupakua huku akiitikia "sawa shemeji, kula kwanza shemeji," mpaka wali unamwagika mezani. Hapo akaacha kuongea. Akaanza kuokota punje, moja moja, anazirudisha kwenye sahani. Machozi yakaja wakati anaokota, na akawa anayafuta haraka kwa mgongo wa mkono kwa hasira, kama mtu aliyeingiliwa kazini.

Hakuna aliyemwambia alie, wala hakuna aliyemwambia aokote punje. Na watoto ambao hawapo kwenye sini wala kwenye orodha ya waigizaji ndio walioishusha sauti yake.

Ukiangalia alichokifanya yule mama, alimpa mwenzake kitu cha kukitaka kutoka kwa mtu aliye mbele yake. Akaweka kizuizi. Na akampa sababu ya kuficha. Hiyo ya tatu ndiyo waongozaji wengi wanaisahau, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Mtazamaji akimwona mtu anapambana asilie, analia yeye kwa niaba yake. Akimwona mtu analia kwa kujiachia, anamwachia kazi hiyo amalize mwenyewe.

mama_wa_jukwaa

Mwanangu umenigusa, na huyo mama simjui ila namsalimu. Naongea kama niliyesimama mbele ya kamera.

Ambacho kinatuua sisi ni muongozaji anayekuigizia. Anakuja katikati ya seti, analia yeye, anajishika kichwa, kisha anasema "fanya kama mimi." Sasa mimi nitafanya kama wewe au kama mhusika? Wa pili ni yule wa "ongeza". Umemaliza teki, yaani mmerekodi sini mara moja, anasema ongeza. Niongeze nini, sauti au kamasi? Wa tatu anakukaripia mbele ya watu wa taa na wapishi, halafu anataka dakika inayofuata ufungue moyo wako.

Na kuna jambo halisemwi. Kuna waongozaji wanamwambia mwenzako akupige kofi la kweli bila wewe kujua, wanasema ndiyo uhalisia. Mimi nimepigwa. Naomba ulizungumzie.

Msaidizi wa Pili

Shikamoo mama, na pole sana kwa hilo.

Tabia hiyo ni ya zamani na haikuanzia kwetu. Mwaka 1931 Hollywood kulikuwa na filamu inaitwa Skippy, muongozaji Norman Taurog, na mwigizaji mkuu ni mtoto, Jackie Cooper. Taurog alitaka mtoto alie. Akamfanya aamini kwamba mbwa wake anapigwa risasi. Mtoto akalia kweli kweli, picha ikapatikana. Taurog akachukua Oscar ya uongozaji kwa filamu hiyohiyo, na Cooper akateuliwa kuwania ya mwigizaji bora akiwa na miaka 9. Mwaka 1981, mzee mzima, Cooper akatoa kitabu cha maisha yake, na jina alilokipa ni "Tafadhali Msimpige Risasi Mbwa Wangu". Nusu karne ilikuwa imepita.

Kuna wanaosoma hapa watasema lakini picha si ilipatikana? Sawa, tuzungumze lugha ya kazi. Kofi la kushtukiza unalipata mara moja. Ukigeuza kamera upande wa pili, mwigizaji wako sasa ana macho ya mtu anayelinda shavu lake. Hakusikilizi tena, anakuvizia. Na kwenye picha ulizozipata anayeonekana ni mwigizaji aliyeshtuka, wakati hadithi ilimtaka mke aliyesalitiwa. Hivyo ni vitu viwili, na kamera inavitofautisha. Kofi lipangwe, lipimwe, mpigwaji akubali kwanza, kamera ikae upande unaoficha nafasi kati ya kiganja na shavu, na sauti iwekwe baadaye kwenye uhariri. Anayesema hana muda wa kupanga kofi atafute kazi nyingine.

Kuhusu "ongeza", nakubaliana nawe. Teki ikiwa haijakaa, badilisha kitendo. Teki ya kwanza mwambie ambembeleze mume. Haikutoka, mwambie amsute. Haikutoka, amringie, amwonyeshe kwamba hata akiondoka hapungukiwi kitu. Au amuage kama mtu anayeenda dukani na kurudi. Mistari ni ileile, neno halijaguswa, lakini sini inakuwa mpya, na mwigizaji anajua la kufanya na mikono yake. Mwambie pembeni, kwa sauti ya chini, sentensi moja. Mhadhara wa robo saa kuhusu utoto wa mhusika unampoza.

Na usimwambie mwenzake ulichomwambia huyu. Hiyo ni starehe ndogo ya kazi yetu, naikubali waziwazi.

Fundi Maiki

Mimi ni wa sauti, naomba niongezee ya kwetu maana hatuulizwagi.

Mwigizaji akipiga yowe ghafla, sauti inapasuka na uhariri hauwezi kuirudisha. Hiyo ni moja. Ila kikubwa ni kwamba hisia iko kwenye pumzi. Nikiwa na hedifoni najua huyu atalia kabla muongozaji hajajua, kwa sababu anameza mate, pumzi inakwama kidogo, neno linatoka bila mwisho wake. Ukimwekea muziki juu ya hapo umeniua. Kuna sini nimezirekodi usiku wa manane, natetemeka nikizisikiliza, nikija kuziona hewani nakutana na kinanda mwanzo mwisho.

Na jamani, ukimya wa seti. Sini ya machozi, halafu kuna watu wanacheka nje, mpishi anagonga sufuria, bodaboda wamejipanga dirishani wanachungulia. Mwigizaji atavaa uhusika saa ngapi?

Msaidizi wa Pili

Fundi, hapo kwenye muziki umesema yangu yote. Kinanda kinatangulia kumwambia mtazamaji ahisi nini, naye akishaambiwa anapumzika. Mwanzo mwisho wa sini jaribuni siku moja kuacha feni na mbu.

Kwenye kamera naongeza vitu vichache ambavyo havigharimu hata shilingi. Sini nzito usiianze kwa picha pana kwa mazoea tu. Ukishajua kwamba dada anakatika mara moja au mbili kabla hajaisha, anza na uso wake wakati bado ana moto, picha pana ifuate. Mpangilio wa taa utalalamikiwa, vumilia. Ondoa kila mtu aliyesimama upande anaotazama. Kuna mwigizaji alikuwa anamlilia marehemu mumewe na nyuma ya bega la "maiti" kulikuwa na kijana wa vifaa anakula muwa. Na yule mwigizaji mwenzake, hata kama haonekani kwenye picha, abaki pale pembeni ya lenzi aigize kwa nguvu zote. Mkimpa msichana wa skripti asome mistari kama anasoma risiti ya umeme, msimlaumu anayejibu.

Kitu kingine, uso wa mwigizaji haubebi kila kitu. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, muongozaji Lev Kuleshov alichukua picha za uso mmoja wa mwigizaji Mosjoukine, uso umetulia tu, akauunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza. Kama mwenzake Pudovkin alivyosimulia, watazamaji walimsifia mwigizaji jinsi alivyoonyesha njaa na jinsi alivyoonyesha majonzi, na kumbe ni uso uleule. Kwa hiyo kabla hujamkamua mtu machozi, jiulize kama umetuonyesha anachokiangalia. Viatu vya marehemu mlangoni, tukiviona vizuri, vinakupunguzia nusu ya kazi.

Mnairobi

Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma yote na nimekubali, ila nataka kuongeza mfano wa kwetu. Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018. Msichana mdogo ni mgonjwa na haponi, kila mtu anajua. Ukisikia hivyo unadhani ni filamu ya kulia. Lakini mtoto mwenyewe hana haja na kulia, anataka kuwa shujaa mwenye nguvu kama wale wa sinema anazozipenda, na dada yake na mtaa mzima wanashirikiana kumfanya aamini ana hizo nguvu, mpaka wanamtengenezea filamu yake. Mama yake naye anataka tu akae nyumbani salama. Watu waliokuwa karibu nami walilia sana kwenye zile sehemu za kucheka.

Nina swali pia. Watoto unawaongozaje? Hiyo ya kumbembeleza na kumsuta mtoto hataielewa.

Msaidizi wa Pili

Mfano safi sana kaka. Kila mtu kwenye ile hadithi anataka kitu na wote wanampenda mtoto yuleyule, halafu wanagongana. Muongozaji hahitaji kumkamua mtu.

Mtoto anaelewa kutaka kuliko sisi. Mwambie "usimwache mama achukue hilo begi" na utaona. Usimwambie ahuzunike, mwambie ashike. Muongozaji Spielberg alipopiga E.T., ile filamu ya 1982 ya watoto na kiumbe kutoka anga za mbali, alijitahidi kufuata mpangilio wa hadithi yenyewe ili watoto wafike kwenye sini ya kuagana wakiwa wameshaishi na kiumbe chao siku zote hizo. Muongozaji Ken Loach wa Uingereza naye alizoea kupiga kwa mpangilio wa hadithi, na waigizaji wake aliwapa skripti kidogo kidogo wasijue yanayokuja. Najua ratiba zetu zinafuata lokesheni, nyumba imekodishwa siku mbili na mwenye nyumba ameshaanza kukasirika. Lakini kuna sini moja au mbili unaweza kuzilinda. Mtoto na bibi wanaagana? Iweke siku ya mwisho, usiipige asubuhi ya kwanza wakati ndiyo wanatambulishana majina.

Kijana wa Tandale

Mkuu nimekuelewa, nafuta kauli ya chipsi. Lakini tuwe wakweli. Staa wangu anafika saa tano, hajashika mistari, simu mkononi, na jua likizama sina siku nyingine. Hayo mazoezi ya wali na mchuzi nayafanya saa ngapi?

Msaidizi wa Pili

Wali na mchuzi zilichukua muda wa kupasha jenereta, mkuu. Tulikuwa tumeshapoteza muda mrefu zaidi kwenye mayowe.

Staa wa aina hiyo usianze naye kwa kumwambia hajui mistari, anajua kwamba hajui, ndiyo maana simu iko mkononi. Akiwa kwenye kiti cha vipodozi kaa naye, muulize swali moja: huyu mhusika wako anataka nini kwa huyu mtu usiku huu? Akikujibu "anataka apendwe", mbane, hilo ni pana mno. Anataka mume afungue ile simu mbele yake. Anataka mama amtazame usoni mara moja. Kitu ambacho kamera inaweza kuona kimetokea au hakijatokea. Ukishakipata, mistari iliyosahaulika ataizunguka kwa maneno yake na mara nyingi inakuwa bora kuliko ya skripti. Mwandishi atanuna. Mnunulie soda.

Na muulize mwenzake swali hilohilo, kivyake.

Kijana wa Tandale

Haya la mwisho nisikuchoshe. Jumamosi napiga sini ya simu. Binti yuko chumbani, anapigiwa kuambiwa baba yake amefariki Muhimbili. Yuko peke yake, hakuna shemeji wala wali. Hapo anamtaka nani nini?

Msaidizi wa Pili

Anamtaka aliyepiga. Sini ya simu ina watu wawili, tunaiharibu kwa sababu tunampiga mmoja akiongea na simu iliyozimwa.

Mpigie kweli. Mwigizaji wa kaka yake akae chumba kingine au nje kwenye gari, apige, waongee. Mwambie kaka asiseme "baba amefariki" kwa haraka. Azunguke: umekula, uko na nani hapo, umekaa au umesimama. Na binti umpe kazi ya kumfanya kaka aendelee kuongea mambo mengine, kwa sababu ameshahisi, na kaka akifika kwenye lile neno litakuwa kweli. Kwa hiyo anamuuliza habari za gari, za watoto, za mvua huko. Mpe na kitu mkononi, mfano anakunja nguo za baba alizokuwa ampelekee wodini kesho. Usimwambie lini aache kukunja.

Kamera iweke usoni tangu simu inaita, usiikate hata akinyamaza. Fundi wa sauti arekodi na sauti ya kaka kivyake, mtaihitaji kwenye uhariri. Na hakikisheni simu zote mbili zina chaji na salio, maana nimeshaona teki safi kabisa ikakatwa na yule dada wa mtandao anayetuambia salio letu halitoshi.